Umeng'olewa gego? Linda donge la damu

Pengo la gego la mwisho hufunikwa na donge la damu. Likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu huwa makali sana. Kwa hiyo:

- Ng'ata pamba uliyopewa kwa dakika 30.
- Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara.
- Kanda shavu kwa kitambaa cha maji baridi ya mtungi, dakika 20, kisha pumzika.
- Meza parasetamoli kama ulivyoandikiwa, usizidishe.
- Kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Uvimbe huongezeka hadi siku ya 3, kisha hupungua. Ukiendelea kuongezeka, au ukipata homa, usaha au ukishindwa kumeza, njoo zahanati mara moja, hata usiku.