Gari Lililoundwa Mara Mbili: Joginder Singh na Uhandisi wa Safari

Atakayeuliza ni nani aliyekuwa mbunifu mkubwa wa magari ya mashindano katika nchi ya Kenya huenda asitajiwe mtu aliyelichora gari jipya tangu gurudumu hadi paa, kwa kuwa magari yaliyoipatia Nairobi sifa duniani yaliundwa Uswidi, Ufaransa, Ujerumani na Japani, yakateremshwa bandarini Mombasa yakiwa na majina yao tayari. Hata hivyo, mwenye kulitazama jambo hili kwa makini atabaini kwamba kila gari lililotamani kuyamaliza mashindano ya magari yaitwayo Safari lililazimika kuundwa mara mbili: mara ya kwanza kiwandani ng'ambo, kwa ajili ya barabara za lami na wanunuzi wa kawaida, na mara ya pili katika karakana za huku kwetu, mikononi mwa mafundi walioijua njia, na uundaji huo wa pili ndio aghalabu ulioamua nani atarejea Nairobi na nani atalala matopeni. Katika elimu hiyo ni wachache waliofikia daraja ya Joginder Singh, aliyekuwa makanika kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na ambaye maisha yake ya kazi yanafaa kusomwa kama somo la uhandisi.

Safari ilianzishwa mwaka 1953 ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na washindani wa mwaka ule waliondoka Nairobi, Kampala na Morogoro, wakazizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Waasisi wake hawakutaka magari maalumu ya mbio. Walitaka magari yale yale yauzwayo dukani, wakayagawa katika makundi kwa kadiri ya bei zake, ili mnunuzi apate kujua fedha yake itampatia chombo cha namna gani. Sharti hilo lilimfunga fundi mikono lakini likamfungua akili, maana asiyeruhusiwa kuibadili injini apendavyo yampasa kwanza achague gari kwa busara, kisha alichunguze kiungo kwa kiungo na kujiuliza ni kipi kitakachomwangusha mapema. Fauka ya hayo, mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, majira ambayo masika huanza, na udongo mwekundu wa Dagoretti na Kabete hugeuka utelezi, ilhali udongo mweusi wa mbuga za Athi hunata magurudumuni hata yasizunguke. Mwaka 1963 waliondoka washindani 84 wakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 wakaondoka 93, wakamaliza 7 vile vile. Na mara zote mbili ushindi ulichukuliwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404, gari lisilokuwa na mbwembwe, lakini lililojengwa kwa uvumilivu.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa Battan Singh, Kalasinga aliyetoka Punjab. Alianza kazi kwa spana mkononi, na baadaye akawa mtu wa doria wa chama cha magari cha Afrika ya Mashariki, kazi ya kupita njiani na kuwasaidia wenye magari waliokwama. Sidhani kama ilipatikana madrasa bora kuliko hiyo kwa mtu ambaye angekuja kuyatayarisha magari ya Safari, kwani mhandisi wa kiwandani huyaona magari yakiwa mapya na mazima, lakini mtu wa doria huyaona yalipofia, na kwa muda wa miezi michache tu huwa amekwisha kujua ni springi za namna gani hukatika, ni rejeta zipi huvuja, na ni bomba lipi la mafuta hupasuliwa na jiwe. Aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27, na tangu hapo hadi 1980 alishiriki mara 22 na kumaliza mara 19. Katika mashindano ambayo kumaliza kwenyewe kulihesabiwa kuwa ushindi, hesabu hiyo yaeleza ustadi wake kuliko vikombe vyote.

Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo: ilikuwa imekwisha kushiriki Safari ya mwaka uliotangulia katika timu ya kiwanda, ikaachwa huku, nao wakaitengeneza upya. Umbo lake lilikuwa limepitwa na wakati, kwa kuwa asili yake ni mchoro wa miaka ya Vita Kuu ya Pili. Lakini ndani ya umbo hilo la kizee mlikuwa na mambo ambayo jicho la fundi halikosi kuyaona. Injini yake ya lita 1.8 ilikuwa na mhimili mkuu, yaani ule ugeuzao kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, ulioshikwa na beringi tano, ilhali injini nyingi za daraja lake zilikuwa na tatu. Na mhimili ulioshikwa mahali pengi haupindi wala hautetemeki kwa urahisi, hata ukiendeshwa kwa nguvu siku nne mfululizo. Ekseli yake ya nyuma ilikalia springi za mviringo badala ya zile za mabamba yaliyopangwa, ambazo bamba moja likikatika mengine hubeba mzigo usio wao. Ndugu wawili hao wakashinda, na gari kuukuu likawatangulia wageni waliokuja na magari mapya.

Yafaa sasa tueleze kwa nini barabara mbaya huharibu gari zaidi ya akili ya mtu wa kawaida inavyokadiria. Nishati ya kitu kiendacho haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Gari liendalo kilomita 120 kwa saa lina nishati mara nne ya lile liendalo 60, kwa hiyo dereva aliyeongeza mwendo maradufu, akaangukia shimo lile lile, humpelekea fundi wake hasara mara nne. Kishindo hicho hupokewa na tairi, kikapita katika springi na shokabsoba, na kinachosalia huingia katika bodi. Bodi ya gari la dukani imeunganishwa kwa nukta nukta za moto, nazo zatosha kwa mtu aendaye ofisini kutoka Westlands. Lakini chuma nacho huchoka, na kama wasemavyo wahenga kwamba bandu bandu huisha gogo, kila kishindo hufungua ufa mdogo usioonekana, hata siku moja mlango ukakataa kufungwa na mwenye gari asijue kwamba gari zima limekwisha kupinda. Ndiyo maana mafundi wa Safari walizichomelea upya zile pande za bodi kwa mstari mmoja usiokatika, wakaongeza vipande vya chuma pale springi zinapokaa, na kufunga bamba nene chini ya injini ili mawe yasiitoboe sampu ya oili.

Hapo ndipo ubunifu hudhihirika, kwa maana kila uimarishaji una gharama. Bamba lile huongeza uzito. Uzito huzidisha mzigo wa springi, hata ikalazimu ziwe ngumu zaidi. Springi ngumu hukirudisha kishindo katika bodi ile ile uliyotaka kuihifadhi. Ukiliinua gari lisiguse mawe, kitovu cha uzito wake hupanda, nalo likawa jepesi kupinduka katika kona. Fundi bora, basi, alijua pa kuacha, akaziongeza kilo pale tu ambapo uzoefu ulikuwa umemwonyesha kuvunjika. Baadhi ya magari yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma, ili msaidizi wa dereva aruke nje penye matope na kusimama juu ya bampa, uzito wa mwili wake ukayakandamiza magurudumu yapate kushika ardhi: ni uhandisi usiokuwa na senti ya gharama, na haungebuniwa na mtu asiyewahi kukwama.

Kisha kuna hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja katika sita ya nguvu zake, kwa kuwa hewa imepungua uzito. Na mwenye kuondoka mjini kwa njia ya magharibi, akapita Kangemi na Uthiru na kupanda Limuru, huipoteza zaidi. Kabureta iliyopimwa Mombasa hutoa petroli nyingi mno huku juu, moshi ukawa mweusi na plagi zikachafuka. Iliyopimwa Limuru nayo, ikiteremshwa pwani, hutoa petroli haba na injini ikapata joto la hatari. Mashindano yaliyoshuka na kupanda hivyo yalimtaka fundi achague kipimo cha katikati, kisichokuwa bora popote lakini kisichoua injini mahali popote. Na kwa ajili ya mito iliyofurika, bomba la kuvutia hewa liliinuliwa hadi juu ya boneti au pembeni mwa kioo, kwa sababu injini ikinywa maji badala ya hewa, maji hayabanwi kama hewa, na vyuma ndivyo hupinda.

Mwaka 1974, mwaka wa mvua nyingi, Joginder alishinda tena, safari hii akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer, gari lililokuwa ndiyo kwanza limeingia sokoni mwaka uliotangulia. Nyuma yake alikuwa Björn Waldegård katika Porsche 911, chombo chenye nguvu na wepesi uliosifiwa Ulaya nzima. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, wa kwanza kufikia idadi hiyo, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu. Gari hilo lilikuwa na injini ya lita 1.6 na ekseli nzima ya nyuma juu ya springi za mabamba, umbo rahisi ambalo fundi yeyote wa gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, angaliweza kulirekebisha usiku kwa tochi. Na urahisi wa kurekebishwa ni sifa ya uhandisi kama ilivyo nguvu.

Tukilinganisha na ulimwengu mwingine, twaona madhehebu mawili yaliyotofautiana. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban mwaka 1946, aliyehamia Uingereza na kuwa bingwa wa kubuni magari ya Fomula 1, alifunga feni kubwa nyuma ya Brabham yake ya 1978 ili ifyonze hewa ya chini na kulibana gari barabarani. Gari hilo likashindana Uswidi, likashinda, kisha likaondolewa na lisishindane tena. Huo ulikuwa ubunifu wa kutafuta jambo ambalo wapinzani hawakulitazamia, katika uwanja wa lami usiobadilika. Safari ilidai kinyume chake, na ushahidi ni huu: katika miaka ya 1980 magari yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne yalipotawala mashindano ya Ulaya, hapa kwetu Toyota Celica, iliyosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, ilishinda 1984, 1985 na 1986, na magurudumu manne hayakupata ushindi hadi Audi ya 1987. Aliyeiongoza timu hiyo ya Toyota ni Ove Andersson, ambaye mwenyewe alikuwa ameishinda Safari mwaka 1975. Alijua kwa mwili wake ni nini hukatika, wala hakushawishika kubeba mitambo ambayo bado haijaivishwa na njia.

Joginder alifariki London mwaka 2013, lakini elimu yake haikuzikwa naye. Alipokuwa angali hai, mwaka 1993, dereva Patrick Njiru aliimaliza Safari katika nafasi ya 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 660. Na tangu mashindano ya dunia yaliporejea Kenya mwaka 2021, magari ya kisasa yenye kompyuta yameonekana Naivasha yakiwa yameinuliwa bomba la hewa vile vile. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Nairobi na gereji za Kirinyaga Road haviachani mbali kwa miguu, na kuna mafundi wengine tele kandokando ya Ngong Road na huko Kawangware, ambao kila siku hushika vyuma vilivyovunjwa na barabara zetu. Laiti vyuma hivyo vingeandikwa daftarini, kimoja kimoja, pamoja na umri wake, mahali kilipokatikia na njia kilikopita, kisha daftari hilo likawekwa mbele ya wanafunzi kabla hawajachora mstari wao wa kwanza, basi lile alilojifunza mtu mmoja kwa miaka mingi njiani wangelipata vijana wengi katika muhula mmoja, nasi tungekuwa na haki ya kutumaini gari litakaloundwa huku mara moja tu.