Dawa Iliyofanikiwa kwa Panya: Nafasi ya Picha za Kitabibu katika Utafiti wa Saratani na Maradhi ya Ubongo

Kila inapotangazwa kwamba watafiti wameangamiza uvimbe wa saratani kwa panya, huwapo wagonjwa wanaoamini kuwa dawa imekwishapatikana, na baadhi yao hufikiria kuacha matibabu waliyopangiwa. Ni vyema wananchi wakafahamu utafiti huo hufanyikaje na huishia wapi.

Utafiti unaotangulia majaribio kwa binadamu hutegemea sana mashine za MRI, CT-Scan na PET zilizoundwa mahsusi kwa wanyama wadogo. Ubongo wa panya mdogo wa maabara una uzito wa takriban nusu gramu; kwa sababu hiyo MRI za maabara hutumia sumaku yenye nguvu ya tesla 7 na zaidi, ilhali nyingi za hospitali ni za tesla 1.5 au 3. Manufaa yake ni makubwa: mnyama yuleyule hupigwa picha wiki baada ya wiki, uvimbe ukaonekana unavyokua au kusinyaa, bila kuua kundi zima kila unapohitajika uchunguzi.

Kipimo cha PET chenyewe kina asili katika maabara za namna hiyo. Miaka ya 1970, Louis Sokoloff na wenzake nchini Marekani walitumia sukari yenye mionzi kubaini sehemu za ubongo wa panya zinazotumia nishati zaidi. Wakati ule ilibidi ubongo ukatwe vipande vyembamba na kuwekwa juu ya filamu. Agosti 1976, sukari ya aina hiyo, iitwayo FDG, ilitengenezwa Brookhaven na kusafirishwa haraka kwa ndege hadi Philadelphia, ikatumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Haraka hiyo ilikuwa na sababu: mionzi ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Ndiyo maana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilipoanzisha huduma ya PET mwaka 2018, ilifunga pia mtambo wa kuzalisha dawa hiyo.

Seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa wingi, hivyo hung'aa pichani. Tatizo ni kwamba ubongo wenye afya nao hutumia sukari nyingi, na uvimbe ulioko humo huweza kufichika. Kwa hiyo watafiti hutumia pia viini vya protini vyenye mionzi. Katika ugonjwa wa Alzheimer hali huwa kinyume: baadhi ya sehemu za ubongo hufifia.

Hata hivyo, panya wa kawaida hapati Alzheimer. Hupandikizwa jeni za binadamu zinazosababisha protini kurundikana ubongoni, na dawa kadhaa zilizosafisha protini hiyo kwa panya hazikuwasaidia wagonjwa. Baada ya panya hufuata majaribio ya usalama kwa watu wachache, kisha ya ufanisi kwa wengi, ambayo huchukua miaka. Hapa nchini, dawa huweza kuuzwa baada tu ya kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mgonjwa aliyesikia habari ya dawa mpya aendelee na tiba yake, na amuulize daktari wake dawa hiyo imefikia hatua ipi.