Waliobaki Gombe

Wajukuu zangu, mkisimama Kibirizi pale boti zinapopakia, tazameni kaskazini. Milima ile inayoshuka hadi majini ndiyo Gombe. Mnaijua kwa sokwe wake. Leo nitawasimulia habari za watu.

Tarehe 14 Julai 1960 binti wa Kiingereza, Jane Goodall, alishuka ufukweni pale akiwa na mama yake, maana wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa akae porini peke yake. Alikuwa na miaka 26. Mwanzoni sokwe walimkimbia. Walipomzoea, akawaona wakitengeneza vijiti vya kuchokolea mchwa, kazi ambayo wataalamu waliamini binadamu pekee ndiye anayeiweza.

Lakini sokwe huwinda na kula nyama, na mtoto mchanga wa binadamu anaweza kugeuka windo. Jane alipojifungua mwaka 1967, mwanawe alilindwa Gombe ndani ya chumba kilichozungushiwa wavu. Alipofika umri wa shule alipelekwa Uingereza kwa bibi yake, mama akabaki Tanzania. Hebu fikirini usiku wa mama huyo.

Sasa nakuja kwa wale wanaosahaulika, Watanzania waliofanya kazi pale. Januari 1974, Hilali Matama alikuwa akiwafuata sokwe msituni alipowaona wakimvamia mwenzao wa kundi la kusini, Godi, aliyekuwa akila peke yake. Walimshika, wakampiga, wakamng'ata. Ndivyo vilivyoanza vita vya miaka 4, na kundi zima la kusini likatoweka. Mtanzania ndiye aliyeshuhudia shambulio lile la kwanza.

Mwaka uliofuata, usiku wa 19 Mei 1975, waasi wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakateka vijana 4 wa kigeni waliokuwa wakifanya kazi pale. Rashidi Kikwale, aliyemwongoza Jane tangu siku za mwanzo, alipigwa kwa kukataa kuwasaidia waasi. Mateka wote waliachiliwa baadaye, lakini wageni waliondoka Gombe. Nani sasa aliwafuata sokwe? Hilali, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo, Yahaya Almasi na wenzao. Ziwa lilelile lililowaleta waasi lilikuwa mbele yao kila usiku, na asubuhi wakapanda milima na madaftari yao. Waliyoyaona waliyaandika kwa Kiswahili, na maandishi hayo watafiti wanayatumia hadi leo.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio, uliotoka kwa watu, uliwapooza sokwe kadhaa mikono na miguu. Ikabidi chanjo ifichwe ndani ya ndizi. Zamani watafiti waliwagusa sokwe na kuwalisha. Siku hizi anayewafuata miaka na miaka, akawajua mmoja mmoja kwa jina, hakaribii. Mafua yetu yanaweza kuwaua.

Basi siku mtakapopanda boti kwenda Gombe, mwenye kikohozi abaki nyumbani, hata kama nauli imeshalipwa.