Kimondo Hakikutua Nyuma ya Kilima

Kimondo kikubwa kikipita usiku, mashahidi hawakosekani. Wa kijiji hiki anaapa kimetua nyuma ya kilima chao. Wa wilaya ya pili anasema kimezama ziwani kwao. Hakuna anayedanganya. Mwanga ulio peke yake angani, bila mti wala nyumba ya kuulinganisha nao, jicho haliwezi kuupima umbali, basi huuweka karibu.

Kimondo ni jiwe kutoka angani, nalo huingia kwenye angahewa kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake haiwahi kupisha. Hubanwa ikapata joto kali mno, na uso wa jiwe ukayeyuka. Mwanga huanza karibu kilomita 100 juu yetu, na hata kwa mawe yanayofika chini, aghalabu huzimika yakiwa bado kilomita 20 au 30 juu. Hapo kasi imekwisha, nalo jiwe hudondoka gizani lisionekane. Mwanga uliopotelea juu kidogo ya kilima chako huenda ulikuwa kilomita 200 kutoka uliposimama.

Mshindo ndio unaotoboa siri ya umbali huo, maana sauti husafiri takribani kilomita 20 tu kwa dakika. Huko Chelyabinsk, Urusi, asubuhi ya Februari 15, 2013, watu waliuona mwanga wa kimondo wakakimbilia madirishani. Zaidi ya dakika mbili baadaye mshindo ukafika, ukavunja vioo. Watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa majeraha ya vioo hivyo. Dirisha, basi, ni la kukaa nalo mbali. Mawe yenyewe hayatishi kiasi hicho: Mbale, Uganda, Agosti 14, 1992, vipande vilinyesha mjini, na kimoja kidogo kikampiga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa mwendo na majani ya mgomba. Hakuumia.

Anayetaka kuwasaidia wanasayansi asihangaike kukisia kimondo kilikoangukia. Abaki palepale, mbali na dirisha, ahesabu sekunde hadi mshindo usikike, na ashike alama: kimepotelea juu ya mti upi, upande gani, saa ngapi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika nyuzi kama 10 za anga. Zilikuwa ngumi ngapi kutoka upeo wa macho? Mistari ya mielekeo waliyoonyesha mashahidi wawili walio mbalimbali ikikutana kwenye ramani, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta. Ila kama mwanga ulijikokota dakika nzima ukimeguka vipandevipande, asilitafute jiwe. Yaelekea ni mabaki ya roketi au setilaiti.