Sabuni iwe ya mikono, majivu yaoshe sufuria



Mwezi huu tuongee habari ya sabuni. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada yanaufuata, unataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Lakini sote tunajua mambo yanavyokwenda. Nepi, sufuria na sakafu vinaimaliza kabla mwezi haujaisha. Halafu mtoto anatoka chooni, anapangusa mikono kwenye kaptula, anakaa kula ugali. Hapo ndipo kuhara kunapoingia nyumbani.

Sisi tunasema hivi: sabuni itangulie kwa mikono na mwili. Kazi nyingine tuachie majivu, ndimu na jua. Bibi zetu kule Fizi, Uvira na Makamba walifanya hivyo, na nyumba zao ziling'aa.

MAJIVU

Sufuria ya sombe yenye mawese inashika mafuta, maji matupu hayayatoi. Chekecha majivu ya kuni yaliyopoa, toa makaa. Lowesha dodoki au kitambaa, chovya kwenye majivu, sugua, kisha suuza vizuri. Majivu yana chumvi kali inayofanana na magadi. Ikikutana na mafuta, inayageuza kidogo kidogo kuwa kama sabuni. Kwa masizi ya nje, ongeza mchanga laini. Sufuria ya alumini usiilaze na majivu usiku kucha, maana yanaila.

Angalia: chukua majivu ya kuni tu. Ukichoma plastiki, betri au mbao za rangi, majivu yake yana sumu. Maji ya majivu yanachoma macho na ngozi. Wala usiyatie kwenye chupa ya soda, mtoto atadhani ni kinywaji.

NDIMU

Ukishakamua, usitupe ganda. Nyunyiza chumvi kwenye kibao ulichokatia samaki, sugua kwa ganda hilo, acha kidogo, suuza. Harufu inapungua sana. Vikombe vyenye rangi ya chai navyo vinatakata hivyo hivyo.

JUA

Mikeka, blanketi na magodoro vitoke nje, na mchana vigeuzwe upande wa pili. Unyevu na harufu vinaondoka. Kwa kunguni jua peke yake halitoshi. Mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa za kitanda, watoto wakiwa mbali.

PALE VINAPOSHINDWA

Hapa tusidanganyane. Vitu hivi vinatoa uchafu, lakini usivitegemee mbele ya kipindupindu. Mwezi wa tano 2015 ugonjwa huo ulizuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya ndugu zetu waliokuwa wanatoka Burundi. Watu zaidi ya 25 walikufa. Kwa hiyo mtu akiharisha maji maji, mpeni maji ya ORS na mumpeleke zahanati mara moja. Nguo, ndoo na sakafu yenye matapishi vinataka klorini, kwa kipimo wanachoelekeza wahudumu wa afya.

Na hili msilisahau: klorini au jiki haichanganywi na ndimu, siki wala mkojo. Inatoa hewa ya sumu inayobana kifua. Ukitumia hiki, kile weka pembeni.

Je, sabuni ikiisha kabisa? Nawa kwa majivu na maji yanayotiririka mpaka ipatikane. Ni afadhali kuliko kuacha.

TUANZE LEO

Siku ya mgao, kabla sabuni haijagusa nguo, kata kipande kimoja. Kitie ndani ya soksi kuukuu, ukitundike kwenye kibuyu chirizi karibu na choo. Kipande hicho ni cha mikono tu, hakuna ruhusa ya kukipeleka kwenye sufuria. Akina baba, kutunza kipande hicho si kazi ya mama peke yake. Na wewe ukitoka chooni, watoto wanakutazama.

Basi, tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda, tukiwa wazima.