Tarishi na Kipokezi: Kemikali za Ubongo na Suala la Kuzipa Majina

Utangulizi

Dopamini na serotonini zimezoeleka kuitwa "kemikali za furaha". Makala haya yanafafanua kemikali kuu za ubongo na kuonyesha kuwa jina hilo linapotosha, kwani kazi ya kemikali huamuliwa na kipokezi kinachoipokea. Mifano inatoka katika njia ya Kangemi hadi katikati ya jiji la Nairobi.

Tarishi na kipokezi

Ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86. Baina ya nyuroni na nyuroni pana ufa mwembamba mno, katika kiungo kiitwacho sinapsi. Habari hufika ukingoni kwa umeme, kisha huvushwa na kemikali, yaani nyurotransmita, ambayo ni mithili ya tarishi. Ng'ambo ya pili husubiri kipokezi. Baadhi ya vipokezi hufungua mlango wa seli mara moja. Vingine huanzisha mabadiliko ya polepole ndani yake.

Mnamo 1921, Otto Loewi aliusisimua mshipa wa neva wa moyo wa chura, moyo ukapunguza mapigo. Maji yaliyouzunguka moyo huo yalipotiwa katika moyo wa pili, nao ulipunguza mapigo. Tarishi aliyehusika ni asetilikolini. Hata hivyo, asetilikolini hiyo hiyo hukaza misuli ya mkono. Tofauti imo katika vipokezi: vya moyo ni vya muskarini, vya misuli ni vya nikotini. Ni kama neno "kaa", ambalo huwa mnyama, kipande cha makaa au kitendo kutegemea muktadha.

Kemikali kuu

Mtu avukapo Waiyaki Way pale Kangemi, glutamati, mchochezi mkuu wa ubongo, hufanya kazi kupitia vipokezi kama AMPA na NMDA. Hiki cha pili ni muhimu pia katika kujifunza. GABA huzuia uchochezi usipite kiasi. Honi ikilia ghafla, noradrenalini huvifikia vipokezi vya alfa na beta, mtu akagutuka. Pombe, iwe ya baa za Westlands au chang'aa ya vichochoroni, huongeza nguvu za GABA na kufifiza NMDA. Ndiyo maana mlevi hupepesuka na kusahau.

Kafeini iliyomo katika chai si tarishi. Huvikalia vipokezi vya adenosini, kemikali iletayo usingizi, bila kuviamsha, kama abiria aliyekalia kiti cha mwenzake katika matatu.

Kathinoni ya miraa, nayo, huzifanya nyuroni zimwage dopamini na noradrenalini. Kwa kuwa kathinoni hupungua majani yakaukapo, miraa ya Meru hukimbizwa Nairobi ingali mbichi, imefungwa kwa majani ya mgomba. Dopamini ina vipokezi vya aina tano, D1 hadi D5. Aidha, huongoza mwendo wa mwili: seli ziitengenezazo zikifa, mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, akatetemeka na kukakamaa. Jina "kemikali ya furaha" halielezi hali hiyo. Serotonini, yenye jamii saba za vipokezi, huhusika na usingizi, hamu ya chakula na hisia, na sehemu yake kubwa imo tumboni, si ubongoni.

Jina na mgonjwa

Mgonjwa wa sonona akiambiwa kuwa amepungukiwa na "kemikali ya furaha", atatarajia kidonge kimchangamshe siku hiyo hiyo. Fluoksetini huanza kuzuia serotonini isirudishwe ndani ya nyuroni katika muda wa saa chache, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Isitoshe, haijathibitishwa kuwa sonona ni upungufu wa serotonini tu. Asiyeelezwa haya anaweza kuviacha vidonge wiki ya kwanza, akidhani havifai.

Hitimisho

Tangu 2010, Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, na lugha rasmi haina budi kumfaa mgonjwa. Istilahi "kipokezi" ni nyepesi na inaeleweka. Ifundishwe sambamba na jina la kemikali. Kutoka kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Chiromo, yanakofundishwa masomo ya sayansi, si mbali. Wanaisimu na wanasayansi wakikutana, maelezo anayopewa mgonjwa yatakuwa sahihi zaidi.