Nyama ya Kibenga na Mfuko wa Sajini

Sajini mwenzetu alipopandishwa cheo alitukaribisha hoteli moja ya Kibenga, kusini mwa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Tuliagiza steki. Tukaingoja saa nzima. Ilipofika ilikuwa imeungua nje, ndani mbichi, kisu kikiteleza juu yake. Mwenyeji wetu akainamisha kichwa kwa haya. Ndipo tulipoomba mishikaki ya mbuzi kwa ndizi za kukaanga na pilipili. Hiyo, haki lazima isemwe, ilikuwa laini, yenye harufu ya mkaa; askari aendaye huko na aanzie hapo. Steki nayo ililipwa yote, kwa noti zilizokunjwa mara nne. Njiani tulimtolea nusu ya gharama. Alikataa mara mbili. Ya tatu akapokea.